Vichwa Viko Mutsamudu

Moroni mpaka leo mimi ni mtoto. Ndevu zangu nyeupe, meno yaliyobaki nayapapasa kwa ulimi, wajukuu wamenipita urefu, na bado nikiingia bangweni, ule uwanja wanapokaa wakubwa wa mji, kijana wa juzi aliyefanya ndoa kuu anaweza kuniambia nisogee, na mimi nikasogea. Kwa watu wa Ngazija mwanamume hawi mtu mzima kwa umri wala kwa akili. Anakuwa mtu mzima siku anayoulisha mji: mchele, ng'ombe, dhahabu ya bibi harusi, ngoma mpaka majirani waombe msamaha. Asiyelisha ni mwana wa mji tu. Akifa kikongwe, anazikwa mtoto.

Mimi sikulisha mji wa mtu. Mimi ni Mnzuani, mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzuani, ng'ambo ya bahari. Nilikuja Moroni na visu vyangu vimeviringishwa kwenye gunia, na kila nilichokula baada ya hapo nilikikata mwenyewe. Sijutii utoto wangu. Hao watu wazima nimewaona wakila.

Shule yangu ilikuwa chuo cha Kurani, na hicho pia nilikitoroka. Kifaransa ninachokijua ni cha kutukanwa. Kiswahili nilikiokota Unguja ujanani, machinjioni, ndiyo maana naandika kwacho: ni lugha ya kazi yangu, na nyumbani hakuna wa kunisahihisha.

Kazi yangu ni kuchinja na kuuza nyama. Nilifundishwa kwetu Mutsamudu na mzee mmoja aliyekuwa akichinjia kando ya mto, chini ya wanawake waliokuwa wakifua na kumlaani kwa damu aliyomwaga majini. Alikuwa mchoyo, mkali, ananuka. Lakini alikuwa na kanuni moja aliyoipigilia kichwani mwangu kwa mpini wa kisu: nyama isiuzwe mbali na kichwa chake. Ukichinja, kichwa kitundike mbele ya meza, kinatazama njia. Anayepita aone ni mnyama gani, mzee au kijana, mzima au mgonjwa, na koo limekatwa wapi. "Nyama isiyo na kichwa," alikuwa akisema, "ni mtoto asiye na baba. Usimtukane, lakini usimwandikie urithi."

Basi hivyo ndivyo nilivyofanya Volo Volo. Soko lile lilikuwa na wauza nyama wengi, wengine wakubwa kuliko mimi, lakini mwanamke wa Moroni aliyetaka kupika bila wasiwasi alikuja kwenye meza yenye vichwa. Walinicheka mwanzoni. "Mnzuani anauza na ndugu zake wamemsimamia!" Nikawaacha wacheke. Nao waliocheka, kabla ya Ramadhani walituma watoto kununua kwangu.

Sasa ndipo wakaja mamluki. Wazungu wale walishuka usiku mmoja, asubuhi tukaambiwa tuna serikali nyingine. Sare nyeusi, bunduki, mbwa. Wengine wakasilimu na kuoa mabinti zetu, na waliowaozesha walikuwa hao hao watu wazima, wakisukumana mlangoni nani aanze. Mimi siwalaumu sana mamluki. Mamluki ni mtu anayekodishwa, na hakuficha. Nimekutana na waliokodishwa bila sare.

Mmoja wao, mwenye ndevu nyekundu, alifungua ghala la barafu karibu na bandari ya zamani. Nyama ilikuja kwa ndege kutoka kusini, imeganda ndani ya maboksi, ngumu kama tofali. Ilikuwa rahisi kuliko yangu. Maskini alinunua, na sikumkataza maskini. Mwenye njaa na mizani yake ni mambo yake na Mola wake. Mimi niliendelea na ng'ombe wangu na vichwa vyangu. Tungeweza kuishi hivyo, yeye na barafu yake, mimi na nzi wangu.

Aliyetukutanisha ni mjomba wa mke wangu.

Lazima nieleze nyumba kwanza, maana kwa watu wa Ngazija mambo yote huanzia nyumbani. Mke wangu ni mtu wa Moroni. Kule nyumba ni ya wanawake. Mwanamume anaoa na kuhamia kwa mkewe, anakuta kitanda kimeshatandikwa na mama mkwe ameshakaa barazani. Mimi nililala katika nyumba hiyo, nikala ndani yake, na hakuna jiwe hata moja lililokuwa langu. Na sauti ya kiume katika ukoo wa mama ni ya mjomba. Huyu mjomba alikuwa karani mkubwa serikalini, ana tumbo, ana manukato, na ana mvi, lakini ndoa kuu alikuwa hajafanya. Bangweni alikaa nyuma pamoja na vijana. Aibu hiyo ilimla. Alitembea kama mtu aliyebanwa na kiatu.

Mwaka ule akatangaza kwamba sasa anafanya. Ng'ombe saba, akasema. Mji ukanyanyuka masikio.

Akaniita. Nilidhani ananipa kazi, na kweli alinipa. Tulikwenda ghalani kwa ndevu nyekundu. Baridi ya mle ndani ilinitoa machozi. Maboksi yalipangwa mpaka juu, na mjomba akayapigapiga kama mtu anayesifu farasi.

"Unaona, mkwe wangu. Nyama ya harusi hii hapa."

"Na ng'ombe saba?"

"Watapita mjini, watu wawaone. Nimewakodi huko juu, upande wa Mvouni. Wakishaonekana, sita watarudi kwao. Mmoja utamchinja wewe, ufukweni, asubuhi, peke yako na watu wangu wawili. Hii nyingine utaikata, utaichanganya, utagawa mafungu."

Nilimtazama nione kama anacheka. Hakucheka. Mzungu ndiye aliyecheka, akanionyesha muhuri kwenye boksi, mwezi na nyota. "Halali! Halali!" akasema, na kidole juu, kama muadhini.

"Muulize," nikamwambia mjomba, "aliyechinja ni nani?"

Wakasemezana Kifaransa. Mjomba akageuka: "Mashine."

"Mashine hiyo inasali wapi?"

"Usilete mzaha wako wa Kinzuani hapa."

"Siyo mzaha. Nataka kumjua jamaa yangu wa kazi."

Mjomba akanivuta nje, juani. Akaacha kuniita mkwe. "Sikiliza wewe. Sikuombi useme uongo. Sikuombi useme neno lolote. Kaa tu pale na kisu chako, watu wakuone. Wakikuona wewe, wameshiba."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakutaka mikono yangu, mtu yeyote anakata nyama. Alitaka jina langu bila kulitamka. Na mimi jina ndiyo mali pekee niliyokuja nayo Moroni ambayo haikuwa kwenye gunia.

"Na vichwa?" nikamwuliza. "Watu wamezoea vichwa kwangu."

Hapo akatabasamu, alikuwa ameshapanga. "Tutasema umewapelekea ndugu zako Mutsamudu. Kila mtu anajua Wanzuani mnapenda supu ya kichwa."

"Na nikikataa?"

"Meza yako ya Volo Volo iko mkononi mwa nani? Barua ya soko inapita ofisini kwangu. Na kitanda unacholalia, kiko nyumbani kwa dada ya nani?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye mizani, nayasema wazi ili msomaji asinipe ushujaa nisiokuwa nao: meza yangu na mahali pangu pa kulala. Upande wa pili wa mizani kulikuwa na nini? Kichwa cha ng'ombe. Mtu mwenye akili asingechukua muda kuamua, na Moroni ilikuwa imejaa watu wenye akili.

Jioni nikamwambia mke wangu. Alikuwa anasuka ukili, hakuacha.

"Basi usiseme uongo," akasema, "wala usiseme kweli. Kachinje urudi."

"Ndivyo alivyosema mjomba wako."

"Mjomba ni mjinga, lakini siku moja moja anapatia. We bwana, unajua mjomba akibaki mtoto sisi wote tunakuwa nini? Dada zangu wakienda harusini wanakalishwa jikoni na masufuria. Umewahi kukalishwa na masufuria?"

"Mimi nakaa na vichwa."

"Ndiyo maana unanuka." Kisha akaacha kusuka. "Hiyo nyama ni haramu?"

"Sijui."

"Kama hujui, unagombana na nini?"

"Nagombana na kutokujua."

Akanitazama kama ananiona nimeota mkia. "Mungu wangu, nimeolewa na mwanazuoni," akasema, akarudi kwenye ukili wake.

Lakini hiyo sijui ndiyo ilikuwa kazi yangu yote. Kuna watu huja siku hizi, wamevaa tai, wanazungumza juu ya maadili ya biashara kana kwamba ni bidhaa iliyofika kwa meli wiki jana. Nyama ile huenda ilikuwa halali kuliko ya Makka. Sikusema ni haramu. Sina elimu hiyo. Mnunuzi aliponijia mimi alikuwa ananunua kitu kimoja ambacho hakioni na hawezi kukionja: kwamba mimi nilikuwepo. Nikimuuzia pale ambapo sikuwepo, nimemuuzia nini? Barafu.

Siku ya ng'ombe ikafika. Walipitishwa mjini na ngoma, pembe zimefungwa vitambaa, na mjomba mbele yao kama yeye ndiye aliyewazaa. Wanawake wakapiga vigelegele. Kesho yake asubuhi, sita walikuwa wameshapanda mlima kurudi kwao, na nadhani walikuwa wameheshimika kuliko ng'ombe yeyote kisiwani: wameolewa bila kuliwa.

Nilimchinja wa saba ufukweni, chini ya bandari. Nilimwelekeza kibla, nikalitaja jina la Mungu kwa sauti, ya kusikika, ndivyo nilivyofundishwa. Nikamchuna. Watu wawili wa mjomba wakavunja maboksi. Nyama ya barafu ilikuwa inalia maji ya rangi ya waridi kwenye makuti. Wakanisogezea.

"Kata, fundi."

"Ile nimekata. Hiyo kateni nyinyi."

"Bwana harusi amesema—"

"Bwana harusi ana mikono."

Wakakata wenyewe, vibaya, wakakwaruza mifupa na kuapiza. Mimi nikanawa, nikachukua kile kichwa kimoja, nikakipeleka mpaka uwanjani mafungu yalipokuwa yanapangwa. Nikakitundika kwenye mti wa hema, kinatazama njia, kama siku zote. Halafu nikakaa chini yake. Sikupanga hotuba. Sijui kupanga hotuba.

Watu wazima wakaja kutazama haki zao, majoho yametariziwa dhahabu, bakora, vilemba. Mmoja, mzee mkavu mwenye jicho moja bovu na jingine baya zaidi kwa jinsi linavyoona, akasimama mbele ya kichwa. Akatazama kichwa. Akatazama mafungu, kilima kizima cha nyama. Akatazama kichwa tena.

"Mnzuani," akasema, "ng'ombe huyu alikuwa tembo?"

Watu wakacheka. Nami nikamjibu kwa adabu: "Hapana, mzee. Alikuwa ng'ombe wa kawaida."

"Na wenzake? Vichwa vyao viko wapi?"

Mjomba alikuwa tayari ameshafika, jasho linampita chini ya kofia. "Vichwa vingine mkwe wetu amewapelekea ndugu zake Mutsamudu! Si mnawajua Wanzuani kwa supu!"

Kicheko kikubwa. Mzee hakucheka. "Asubuhi hii?"

"Asubuhi hii hii."

"Mutsamudu iko kisiwa kingine. Vimekwenda kwa miguu?"

Hapo kicheko kikabadilika sauti. Mzee akanigeukia mimi, na uwanja wote ukageuka naye. "Wewe mwenye kisu. Umepeleka vichwa Mutsamudu?"

Mke wangu alikuwa dirishani na dada zake, ng'ambo ya uwanja. Nilimwona ameshika ukingo wa dirisha. Mjomba alinikazia macho, na mdomo wake ulikuwa unasema kitu bila sauti. Nadhani ulikuwa unasema *kitanda*.

"Sijapeleka," nikasema. "Kichwa nilichochinja ni hiki. Nyama yake ni lile fungu la mwisho kule. Nyingine siijui."

"Hujui nini?"

"Sijui aliyeichinja. Sikuwepo."

Nikafikiri sasa wataitupa. Kijana nilikuwa bado, niliwafikiria watu.

Akasimama fundi, ndivyo tunavyowaita walimu wa dini visiwani, na huyu kweli alikuwa fundi: aliishona fatwa pale pale, kwa kipimo cha mteja. Akasema Waislamu wasidhaniane vibaya. Akasema muhuri upo, mwezi upo, na asiyejua asiulize sana, ataje jina la Mungu anapokula, yatosha. Bega lake lilikuwa na joho jipya, zawadi ya bwana harusi.

"Kumbe jina la Mungu linatajwa mezani," nikamwambia. "Basi mimi miaka yote nilikuwa namsumbua ng'ombe bure."

Wachache walicheka, wakajificha nyuma ya viganja. Halafu, na hili ndilo ninalotaka liandikwe, wakachukua. Wote. Yule mzee wa jicho moja alichukua wa kwanza, tena alirudisha fungu akachagua lenye mafuta. Walinong'ona, walisonya, walitikisa vilemba, na mikono yao ilikuwa inapima uzito wa nyama wakati huo huo. Waliiingiza chini ya majoho ya dhahabu, maji yale ya rangi ya waridi yakachuruzika mpaka kwenye viatu. Mjomba akatangazwa mtu mzima kabla ya adhuhuri.

Mwenye kulipa ni mimi. Kesho yake nilipofika Volo Volo meza yangu ilikuwa na maboksi juu yake. Kijana wa ghala alikuwa anauza, na askari wa sare nyeusi amesimama kando anakula ndizi. Kulabu zangu za vichwa zilikuwa zimetupwa mtaroni. Wauza nyama wenzangu, wale ambao siku moja kabla walinipongeza kwa kunipigapiga mgongo, waligundua wote kwa pamoja kwamba visu vyao vinahitaji kunolewa. Niliingia mtaroni, nikatoa kulabu zangu. Zilikuwa za chuma kizuri.

Mchana mjomba alikuja nyumbani na joho lake la kwanza la utu uzima. Alisimama uani, hakukaa.

"Mtu huyu atoke," akamwambia dada yake, yaani mama mkwe wangu, ambaye alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Mama huyu katika miaka yote ile alikuwa amenisemesha labda kwa maneno ya kujaza kikombe. Mbele yake, kwenye sinia, lilikuwa fungu lake la nyama ya harusi, haki ya dada mkubwa, halijaguswa tangu jana. Lilikuwa limeanza kuwa kijani.

Mama akausogeza ungo kando. Aliniuliza mimi: "Mwanangu, nyama hii unaijua?"

"Siijui, mama."

Akainua sinia akalimwaga lote mbele ya paka. Paka akalinusa, akaondoka. Sitii chumvi, paka yule alikuwa mpumbavu anayekula sabuni.

"Dada!" mjomba akasema. "Ni heshima yako hiyo!"

"Naiona, inanuka." Akarudi kwenye mchele. "Wewe sasa ni mtu mzima, hongera. Mtu mzima anajua nyumba ni ya nani. Hii aliijenga mama kwa ajili yangu na binti zangu. Hakuna mwanamume anayemtoa mwanamume humu. Wewe mwenyewe unapokuja unabisha hodi. Leo hukubisha."

Mjomba akatoka. Kutoka nje, kwa sauti ya kutaka majirani wasikie, akapiga kelele: "Hodi!" Sijui alikusudia nini. Nadhani hakujua pia.

Kwa hiyo kitanda kilibaki, meza ikaenda. Nilirudi Mutsamudu kuanza upya, na mbuzi, katika vichochoro ambamo ukitundika kichwa kinamgusa kila apitaye. Mke wangu hakunifuata. Mwanamke wa Ngazija haiachi nyumba ya mama yake, na mimi sikumwomba. Kwa miaka yote ya mamluki nilikuwa mume wa boti: nakwenda, narudi, natapika njiani. Watoto wangu walinijua kwa harufu ya bahari na mafuta ya mbuzi. Hiyo ndiyo bei. Anayekuambia uaminifu unalipa, muulize yeye alilipwa na nani, maana mimi nililipia.

Mji lakini ulichukua kitu. Lile neno la mjomba halikufa. Mwenye duka akiahidi sukari isiyokuwepo, wateja walimwambia, "Ee, najua, iko Mutsamudu na vichwa." Serikali ikiahidi mishahara: "Vichwa viko Mutsamudu." Bibi akimdai mumewe dhahabu aliyoahidi: vichwa viko Mutsamudu. Mjomba alikaa mstari wa mbele msikitini na kulisikia lile neno nyuma ya shingo yake kila Ijumaa. Walikula nyama yake na wakamla na yeye. Hao ndio watu wazima.

Mamluki wakaondoka kama walivyokuja, kwa bunduki za watu wengine. Ghala likazimwa umeme, na kwa siku kadhaa bandari nzima ilipita imeziba pua.

Miaka baadaye mjomba akafa. Nilikuwa Mutsamudu. Wanawe wawili wakaja kwa boti, wamekauka midomo kwa kutapika, wakanikuta kwenye meza yangu.

"Baba mdogo," mkubwa akasema, hakuwahi kuniita hivyo, "tuna hitima ya marehemu. Tunakuomba uje uchinje."

"Moroni hakuna visu?"

Wakatazamana. Mdogo, ambaye ana aibu zaidi, akajibu akitazama chini: "Watu wameuliza kama utakuwepo wewe. Wamesema wasipoona vichwa hawali."

Niliendelea kukata. Niliwaambia bei yangu, na ni ile ile ya kila mtu, pamoja na nauli ya boti kwenda na kurudi, mbele, mkononi. Mkubwa alitaka kusema kitu juu ya undugu. Nikamtazama. Akalipa.

Nilichinja kwa sauti ya kusikika. Nikavitundika vichwa vyote uwanjani, vinatazama njia, nikakaa chini yake mahali pale pale. Wakaja tena na majoho yao, waliokuwa bado hai, na yule mzee wa jicho moja sasa anashikwa mkono na mjukuu. Akainua bakora, akavigusa kimoja kimoja kwa ncha, midomo inahesabu.

"Vimetimia," akasema.

"Kula, mzee," nikamwambia. "Hii naijua."